Saba Saba: Mlio Uliosikika Mbarara Mwaka 1979

(Muziki wa kipindi unaingia, unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Base Camp, Juru na Rubondo, nanyi mnaotufuata kwenye simu huku mmepanga ndoo kwenye foleni ya maji, leo nazungumza juu ya silaha, na najua wako kati yetu ambao hawapendi kusikia habari hizo jioni. Mama mwenye mtoto anayeshtuka usiku, unaweza kupunguza sauti, hatutakasirika.

Jambo lenyewe lilianzia pale bomba la maji. Mvua ilikuwa inakuja, na radi ikanguruma juu ya milima ya upande wa Tanzania, mara moja, mara mbili, kisha mfululizo kama mtu anayemwaga mawe kwenye bati. Mama mmoja aliyetoka Masisi akashika ndoo yake akasema, "Zimeanza tena." Mzee mmoja Mnyarwanda, aliyeletwa Nakivale akiwa mtoto katika miaka ya 1960, akacheka. "Hapana mama, hiyo si ya kwenu. Hiyo ni saba saba."

Sisi vijana tukatazamana. Tunayoijua sisi ni Saba Saba ya Watanzania, tarehe 7 Julai, siku chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954. Mzee akanielekezea fimbo: "Wewe mtu wa redio, saba saba ndiyo iliyobomoa Mbarara. Nenda ukatafute, halafu uje utuambie." Basi nimetafuta, na nimerudi.

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Tanzania, wakaiteka nchi yote iliyo kati ya mpaka na mto Kagera. Waliua raia, wakaiba ng'ombe, wakapora nyumba na kiwanda cha sukari, na mwanzoni mwa Novemba wakalivunja daraja la Kyaka. Maelfu ya watu wa Kagera walikimbia na vyungu vyao kichwani. Wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe, jambo ambalo wengi wenu hamhitaji kuelezwa. Rais Julius Nyerere akawatangazia wananchi kwamba Tanzania itampiga Amin, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaanza kusogeza silaha nzito kuelekea mtoni.

Kati ya silaha hizo ilikuwemo moja iliyotengenezwa Urusi, ikiitwa BM-21. Ukiiona kwa mbali utadhani ni lori la kubebea mbao, kwa sababu kweli ni lori. Lakini mgongoni limebeba mabomba 40 ya chuma, yamepangwa safu nne, kumi kumi, kama mizinga ya nyuki iliyolazwa. Ndani ya kila bomba inaingia roketi moja yenye unene wa milimita 122 na urefu karibu mita tatu, kichwa chake kikiwa na uzito wa kilo 18 hivi. Roketi zote 40 zinaweza kuondoka katika sekunde 20 tu. Zinafika mpaka kilomita 20, yaani safari ya saa nne kwa mtu anayetembea kwa miguu. Kabla hujamaliza kumwita mtoto aingie ndani, zote zimeshatoka.

Babu wa silaha hiyo ni Katyusha, ambayo Warusi waliitumia dhidi ya Wajerumani kuanzia Julai 1941. Katyusha ni jina la kumwita kwa mapenzi msichana anayeitwa Katarina, na askari walilichukua kutoka kwenye wimbo uliopendwa wakati huo. Wajerumani waliokuwa wanapigwa nayo waliiita kinanda cha Stalin, kwa sababu ya mlio wake. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kwamba hata nyumbani Kongo tunazipa silaha majina kama watoto wetu.

Uganda silaha hiyo ikapewa jina saba saba. Watu wengi hawakuiona kwa macho, waliisikia tu, na jina likaenea mpaka kila mngurumo mzito uliotoka kusini ukawa saba saba, hata kama uliotoa sauti ni mzinga wa kawaida.

Roketi hizi hazilengi mlango wala dirisha. Hazina mtu wala chombo cha kuziongoza zikishatoka. Zinamwagwa juu ya eneo, hii huku, nyingine kule, kama mtu anayerusha mtama kwa kuku. Ilikusudiwa iwe hivyo, kulifunika eneo lenye jeshi la adui. Shida ni pale eneo hilo linapokuwa na soko, shule na zahanati. Askari wa Amin wengi walikuwa hawajawahi kupigwa namna hiyo, na mara nyingi sauti peke yake iliwatoa kwenye mahandaki. Walianza kukimbia kabla roketi hazijawafikia karibu.

Mama wa Masisi aliniuliza: je, hiyo ndiyo ile inayopiga "dup" halafu inanyamaza? Hapana, mama. Hiyo ni mota. Mota ni bomba fupi lililosimamishwa kwenye sahani ya chuma kwa miguu miwili. Askari anadondosha bomu mdomoni mwa bomba, likifika chini linagonga pini, linaruka. Mwingereza mmoja, Wilfred Stokes, ndiye aliyebuni mota ya namna hii mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi yamejichimbia kwenye mahandaki na risasi za kwenda moja kwa moja hazifai kitu. Bomu la mota linapanda juu sana kisha linaanguka karibu wima. Ndiyo sababu kilima hakikukingi, wala ukuta. Watu wawili watatu wanaweza kulibeba mgongoni, kulipanga nyuma ya mgomba na kupiga kilomita tatu bila wewe kuwaona. Kwa vita vya milimani kama vya kwetu Kivu, hiyo ndiyo imewaua watu wengi wasiojua imetoka wapi.

Hapa niseme neno kwa wanaofikiria kurudi nyumbani. Roketi na mabomu ya mota si yote yanayolipuka siku ile. Mengine yanazama kwenye udongo yakakaa miaka, yakingoja jembe au mtoto. Ukikuta chuma chenye mapezi mkiani, usikiguse, usikipige jiwe, usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama kwa mbali, rudi kwa njia ile ile uliyojia, kamwambie mkuu wa kijiji.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Turudi kwenye vita vyetu. Angani nako kulikuwa na mambo. Ndege za Amin zilikuja kupiga Kagera, na Watanzania walikuwa na mizinga ya kutungulia ndege pamoja na kombora dogo la Kirusi liitwalo Strela, linalofyatuliwa kutoka begani kwa mtu. Pamoja na bomba lake lina uzito wa kilo 15 hivi, kama debe dogo la maharage. Ncha yake ina kitu kinachohisi joto, na likishafyatuliwa linaifuata injini ya ndege. Ndege za Uganda kadhaa zilianguka katika vita hivyo.

Lakini joto halina bendera. Kule Musoma walinzi wa anga wa Tanzania walizitungua ndege tatu za kivita za Tanzania yenyewe, wakidhani ni za adui. Na mwezi Machi 1979 ndege kubwa ya Libya, aina ya Tupolev, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza, ikilenga matangi ya mafuta. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi. Mzee aliposikia habari ya swala alicheka mpaka akakohoa.

Basi tuje Mbarara. Januari 1979 Watanzania waliiteka Mutukula, mji wa mpakani. Pale waliua raia, hata wazee, na mji ukasawazishwa kwa tingatinga, wakilipiza yale ya Kagera. Nyerere alipopata habari alishtuka, akaamuru askari wasiwadhuru raia. Kisha jeshi likagawanyika. Upande mmoja ulielekea Masaka. Upande mwingine, Brigedi ya 206 ya Brigedia Silas Mayunga, yule waliyemwita Mti Mkavu, ulielekea Mbarara, na Yoweri Museveni na wapiganaji wake wa FRONASA walikuwa upande huo.

Njia yao ilipita kwetu huku, Isingiro. Kwenye milima ya Gayaza barabara inapita bondeni, na askari wa Amin waliwavizia pale, wakawaua Watanzania wengi. Nakivale ilikuwa tayari ina wakimbizi wakati huo, Wanyarwanda waliokuwa wamekimbia nchi yao kuanzia 1959. Mzee wetu alikuwa kijana. Anasema waliisikia mizinga wakiwa shambani, na watu wazima walijadiliana kama wakimbie tena, na kama wakikimbia, waende wapi. Kusini ndiko mlio unakotoka. Kaskazini ndiko mlio unakokwenda. Wakabaki, wakalala na viatu miguuni.

Mwisho wa Februari Masaka ikaanguka, na Mbarara nayo, mji wenye kambi ya kikosi cha Simba. Ile kambi wapinzani wa Amin walijaribu kuiteka Septemba 1972 wakashindwa. Safari hii ilitekwa. Tarehe 11 Aprili Kampala nayo ikatekwa.

Sasa nije kwenye lile alilonituma mzee. Je, saba saba ndiyo iliyobomoa Mbarara? Mizinga na roketi zilifanya uharibifu, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya majengo ya Mbarara, na ya Masaka pia, yaliangushwa baada ya mji kutekwa, mapigano yakiwa yamekwisha. Askari waliingia jengo kwa jengo wakatega baruti, wakatoka nje, wakalipua. Ilikuwa kisasi cha Kagera. Raia safari hii hawakutendwa kama wale wa Mutukula, amri ya Nyerere ilisaidia. Nyumba ndizo zilizolipa. Miaka mingi baadaye magofu yalikuwa bado yamesimama mjini, na wakubwa wanaokwenda hospitali Mbarara wanaweza kukuonyesha yalipokuwa.

Nilirudi kwa mzee na jibu hilo, nikiwa na wasiwasi kidogo, maana si vizuri kijana kumkosoa mzee mbele ya watu. Nilimkuta anachambua maharage. Alinisikiliza, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amelitaja pale bombani. Miezi michache baada ya vita alikwenda Mbarara kutafuta kibarua cha kubeba matofali. Aliona jengo la ghorofa limekaa chini, paa limelala juu ya kuta zake kama kofia juu ya meza, na mwembe uliokuwa umbali wa hatua tano una majani yote. "Nilijua," akasema. "Bomu la kutoka mbali lingeuvua ule mwembe. Lakini tulisema saba saba. Ukisema saba saba, hakuna anayekuuliza ni nani."

Nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Sisi tuliotoka Kongo tunasema hivyo hivyo: "bomu lilianguka." Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za waliohama makwao, Lac Vert na Mugunga, karibu na Goma, yakaua watu wengi, watoto wakiwemo, na baadhi yenu mna ndugu waliokuwa pale. Nilipoandika habari ile kwenye daftari langu niliandika "yalianguka", kama mvua. Sasa nimeisoma tena. Roketi haina macho, ni kweli, lakini kuna mtu aliyeelekeza bomba, kuna aliyempa amri, na kuna aliyelipakia lori. Mbarara kulikuwa na mtu aliyeshika utambi akiwa anauona mlango wa nyumba.

Mama wa Masisi alipita studio jana kuchaji simu. Nilimsomea ukurasa huu wa mwisho. Akaniambia nibadilishe neno moja: siyo "waliohama makwao", bali "waliofukuzwa". Kwenye karatasi limebaki kama lilivyo kwa sababu lilikuwa limeshachapwa, lakini hewani mtasikia la kwake.

Kama ulikuwa Nakivale, Isingiro au Mbarara mwaka 1979, au ulikuwa ng'ambo, Kagera, na una unachokikumbuka, njoo studio Jumanne asubuhi. Hatuhitaji jina lako. Njoo na kiti kama unacho, vyetu ni viwili tu.

(Muziki wa kufunga.)