Resonansi na Uthabiti wa Mwale: Uamuzi wa CERN, 1952–1959

Mfasiri anayekutana na dhana ya resonansi hushawishika kuiita mwangwi. Makala haya yanadai kwamba historia ya mtambo mmoja wa kuongeza kasi ya protoni inatosha kumzuia.

Agosti 1952, Odd Dahl, Frank Goward na Rolf Widerøe walitumwa na CERN kwenda Brookhaven, Marekani, kuutazama mtambo wa Cosmotron. Nia ilikuwa kujenga wa aina hiyohiyo, wenye nishati ya GeV 10. Walirejea na wazo jingine. Ernest Courant, Stanley Livingston na Hartland Snyder walikuwa wamebaini kwamba sumaku zinazopokezana, moja ikiubana mwale na inayofuata ikiutanua, kwa jumla huubana kwa nguvu zaidi. Mwale mwembamba huhitaji bomba jembamba na sumaku ndogo. Kwa hiyo nishati ingeweza kufika GeV 30 bila gharama kupanda kwa kiasi hicho. Oktoba mwaka huohuo Baraza la CERN liliukubali mpango mpya, ambao hakuna aliyekuwa ameujaribu kwa kiwango hicho.

Haukupita muda, John Lawson, John Adams na Mervyn Hine, wote wa Harwell, Uingereza, wakaonesha hatari yake. Protoni haifuati mstari wa katikati ya bomba. Huyumba huku na huku inapozunguka. Ikiyumba mara 6 kamili kwa kila mzunguko, sumaku iliyowekwa kombo kidogo tu huikuta kila mara katika hatua ileile ya kuyumba, na kuisukuma upande uleule. Ni bembea inayosukumwa kwa wakati wake: msukumo wenyewe ni hafifu, ila hujilimbikiza. Protoni inayozunguka zaidi ya mara 400,000 kwa sekunde hugonga ukuta wa bomba kabla fundi hajapepesa jicho. Namba nusu, kama 6.5, nazo hatari, kwa sababu ya kasoro katika nguvu ya kubana.

Wengine wangeweza kurudi kwenye GeV 10, na pengine wasingelaumiwa. CERN ilichagua kupunguza nguvu ya kubana, kulipanua bomba, kukubali sumaku kubwa zaidi na kushusha lengo hadi GeV 25. Idadi ya kuyumba iliwekwa karibu na 6.25. Hapo misukumo ya sumaku ileile, katika mizunguko minne, hufutana. (Robo nayo ina resonansi yake, lakini dhaifu.) Tarehe 24 Novemba 1959 mtambo huo, wenye mzingo wa mita 628, ulifikisha protoni kwenye GeV 24.

Mwangwi hurudi ukififia. Kilichowatia hofu watu wa Harwell kilirudi kikikua. Kwa sababu hiyo napendekeza istilahi ibaki resonansi, na fasili yake katika kamusi ianze na bembea.