Mwindo wa Walikale, Viko wa Lubumbashi

Valentin-Yves Mudimbe alipofariki Marekani Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 83, dunia ya wasomi ilimlilia kwa kitabu chake cha mwaka 1988, The Invention of Africa, na kwa vyuo vya ughaibuni alikofundisha: Haverford, Duke, Stanford. Sisi wa Kongo tuna deni la kumkumbuka pia kwa miaka yake ya Lubumbashi, alipokuwa mkuu wa kitivo kilichokusanya wanafunzi wa fasihi wa nchi nzima. Mwaka huohuo wa msiba, riwaya iliyozua ugomvi katika kitivo hicho, Giambatista Viko ya Georges Ngal, ilitimiza miaka 50.

Riwaya ile inauliza swali ambalo watu wa Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini, wana haki ya kulijibu mapema kuliko wengine: utambaji wa mzee wa kijijini ukiingizwa chuo kikuu, nani ananufaika? Nasema hivyo kwa sababu utambaji mmoja wa kwetu ulikwisha kuingia vyuoni Ngal alipokuwa bado hajachapa riwaya yake.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, upande wa Kisimba huko Walikale, mtambaji wa Kinyanga aitwaye Shekarisi Rureke alikubali kufanya jambo lisilo la kawaida. Utenzi wa Mwindo kwa desturi hutambwa kwa vipande, leo kipande hiki, siku nyingine kile, kadiri ya shughuli na kadiri ya wasikilizaji. Rureke aliutamba wote, toka kuzaliwa kwa shujaa hadi mwisho, kwa muda wa siku 12. Waliokuwa wakiandika ni Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia Mbelgiji, pamoja na wasaidizi wake Wanyanga. Habari za siku zile tunazipata katika utangulizi wa Biebuyck mwenyewe, na makala hii inamfuata yeye. Anaeleza watu wa kijiji wakikusanyika na kuitikia nyimbo, wapigaji wakigonga vijiti, Rureke akiimba, akicheza na kuigiza, kibuyu cha kayamba mkononi. Jioni ikifika mtambaji alikuwa hoi, sauti imemkauka. Anaeleza pia kwamba kwa Wanyanga kazi hii haikuwa burudani tupu. Karisi ni jina la utenzi na ni jina la roho, na mtambaji huamini kwamba roho hiyo ndiyo iliyomtaka ajifunze, na kwamba ndiyo inayomkinga na maradhi.

Walioukulia utenzi huu hawahitaji kusimuliwa, lakini vijana wengi wa mjini wameukosa, kwa hiyo nitaueleza kidogo. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, aliwaambia wake zake saba kwamba anataka watoto wa kike tu. Atakayezaliwa mwanamume atauawa. Sita wakazaa wasichana. Wa saba, mke aliyependwa kuliko wote, akamzaa Mwindo, mtoto aliyetoka tumboni akitembea na kusema, mkononi ameshika usinga wenye nguvu. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika, akafufuka. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ile ngoma ikampeleka hadi kwa shangazi yake Iyangura. Mwindo alirudi na wajomba zake, akaipiga Tubondo, akamfuata baba yake hadi kuzimu. Hakumuua. Alimrudisha nyumbani na kugawana naye utawala. Baadaye alimuua joka Kirimu, kumbe Kirimu ni rafiki wa Nkuba, yaani radi, na Nkuba akamchukua juu mbinguni kumtesa kwa baridi, jua na mvua mpaka ajue kwamba shujaa naye ana mipaka. Kwangu sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayouweka utenzi huu juu ya tenzi nyingi za mashujaa: ushindi wenyewe unamletea Mwindo adhabu, na anarudi duniani akiwa mtawala mwenye sheria.

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha California kilichapa The Mwindo Epic. Jalada lina majina mawili, la Biebuyck na la Kahombo Mateene, mwanaisimu, Mnyanga mwenyewe. Ndani mna tafsiri ya Kiingereza, na matini kamili ya Kinyanga. Kitabu kilifika kwa wakati wake. Mwaka mmoja baadaye Ruth Finnegan wa Uingereza, katika Oral Literature in Africa, alitia shaka kama Afrika ina tenzi za mashujaa kwa maana halisi, na mabishano yaliyofuata yaliwachukua wataalamu miaka. Isidore Okpewho wa Nigeria alipoandika kitabu kizima cha kumjibu, The Epic in Africa cha mwaka 1979, Mwindo alikuwa miongoni mwa mashahidi wake wakuu. Hivyo ndivyo mtoto wa Tubondo alivyoingia katika kozi za fasihi ya dunia kwenye vyuo vya Marekani, akasomwa pamoja na Odiseo na Gilgamesh.

Na kwetu? Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, cha Élisabethville kikafungua milango mwaka 1956, na kile cha Waprotestanti cha Stanleyville mwaka 1963. Programu za fasihi zilifuata mtindo wa Ubelgiji: waandishi wa Ufaransa, Kilatini, Kigiriki. Juni 1969 wanajeshi waliwaua wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wakiandamana, na Juni 1971, walipoandamana tena, serikali iliwapeleka jeshini. Miezi michache baadaye vyuo vyote vitatu vilivunjwa na kufanywa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, UNAZA. Mfumo wa miaka mitatu ya graduat na miwili ya lisansi ulishika nafasi ya ule wa Kibelgiji. Kitivo cha fasihi kikapangiwa Lubumbashi.

Kwa kijana wa Masisi au Walikale aliyetaka kusoma fasihi hadi lisansi, uamuzi huo ulimaanisha safari ndefu mno. Asiyeweza kulipia ndege alishuka hadi Bukavu na Uvira, akapanda meli Kalundu, akasafiri kwa ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha reli hadi Lubumbashi. Lakini alipofika alikuta kitivo kisichokuwa na mfano Afrika ya Kati. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyewahi kuwa mmonaki nchini Rwanda na aliyepata udaktari Louvain, alikiongoza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Georges Ngal, mtaalamu wa Aimé Césaire, alifundisha hapo. Pius Ngandu Nkashama naye. Kwenye sayansi za jamii alikuwepo Mjerumani Johannes Fabian. Mei 1974 wanaisimu wa nchi nzima walikutana Lubumbashi na kupendekeza lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, zipewe nafasi mashuleni.

Huo ulikuwa wakati wa authenticité, siasa ya Rais Mobutu ya kurejea asili. Mobutu alikuwa amebadilisha jina la nchi, la mto na la sarafu, na mwaka 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka Mudimbe. Georges akawa Ngal Mbwil a Mpaang. Kila mwalimu alitakiwa kurejea mizizi, na swali likawa mizizi ya nani, na kwa faida ya nani. Nairobi walikuwa wamekwisha kulitolea jibu lao: Oktoba 24, 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ifutwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati, na fasihi simulizi ifundishwe. Ule ulikuwa ugomvi wa Waafrika na programu ya kikoloni. Ugomvi wa Lubumbashi ulikuwa wa ndani, Waafrika kwa Waafrika, na kwa hiyo ulichoma zaidi.

Mwaka 1975 Ngal alichapa Giambatista Viko hapohapo Lubumbashi, kwa wachapishaji Alpha-Oméga. Jina limetoka kwa mwanafalsafa wa Napoli wa karne ya 18. Viko wa riwayani ni profesa wa taasisi ya Kiafrika. Anajua lugha nyingi, anajua nadharia zote zinazovuma Paris, na ana njaa ya sifa. Kwa simu anazungumza na mwanafunzi na mwandani wake, aitwaye Niaiseux, juu ya riwaya kuu anayotaka kuandika. Riwaya yenyewe haiji. Hatimaye anapata wazo: nguvu anayoitafuta ipo kwa mtambaji wa kijijini, katika sauti, katika mwili, katika watu wanaoitikia. Ataichukua nguvu hiyo na kuimimina katika kitabu cha Kifaransa, na jina lake litang'aa Ulaya. Taasisi nayo imegawanyika kambi mbili, wanaojifungia katika Uafrika na wanaoitazama dunia nzima, na fitina za vyeo hazina mwisho. Mwishowe wazee wanamkamata Viko na kumweka kizimbani. Kosa lake ni kuinajisi simulizi, kuitoa kwa wenyewe na kuipeleka kwa wageni. Yeye na Niaiseux wanahukumiwa kutangatanga, na matembezi hayo ndiyo yaliyozaa riwaya iliyofuata ya Ngal, L'Errance, mwaka 1979.

Jina la Mudimbe halimo. Lakini wasomaji wengi walimwona Mudimbe ndani ya Viko: yule mjuzi wa lugha nyingi, msomi wa nadharia za Paris, aliyefika juu upesi. Mudimbe mwenyewe wakati huo alikuwa katika kilele chake cha uandishi. Entre les eaux, riwaya ya padri anayejiunga na waasi, ilitoka mwaka 1973, na Le Bel Immonde ikafuata mwaka 1976. Msimamo wake wa kitaalamu pia ulikuwa tofauti na wa wapiga debe wa mizizi. Katika L'Autre face du royaume ya mwaka 1973 alidai kwamba Mwafrika anayetumia vyombo vya elimu vya Ulaya ni lazima kwanza avichunguze vyombo vyenyewe, maana hata anapojisifia asili yake huenda anatumia maneno aliyopewa na mkoloni. Kwa Ngal, hatari ilikuwa msomi anayemnyonya mtambaji. Kwa Mudimbe, hatari ilikuwa msomi anayejidhani amekuwa mtambaji.

Watafiti wa fasihi ya Kongo wameusimulia ugomvi huu mara nyingi kama kisa cha wivu wa kazini. Naona kufanya hivyo ni kuupunguza. Watu wawili wenye akili kubwa, katika mji mmoja, walikuwa wanabishana juu ya kitu ambacho kila mwalimu wa fasihi simulizi hukutana nacho siku ya kwanza darasani. Na wote wawili, kwa kadiri vitabu vyao vinavyoonyesha, walibishana kwa Kifaransa.

Nje ya lango la chuo hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilikuwa kimetoa historia ya mji wao, Vocabulaire ya Élisabethville, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha Katanga. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Kongo katika picha zaidi ya 100 na kumsimulia Fabian kila picha kwa Kiswahili hichohicho. Kundi la Mufwankolo liliigiza redioni na jukwaani kwa lugha ya mitaani, bila matini iliyoandikwa. Fabian aliyafanya yote matatu kuwa vitabu, na vitabu hivyo leo vinasomeshwa Ulaya na Marekani. Inaniuma kwamba fasihi hii ya Kiswahili, iliyokuwa hatua chache tu kutoka kitivo cha fasihi, ilibidi kupitia kwa mwanaanthropolojia Mjerumani ili ihesabiwe kuwa kitu cha kusoma.

Baadaye wakuu wa ugomvi walitawanyika. Mudimbe aliondoka nchini kuelekea miaka ya 1980, baada ya utawala kumtaka aingie kamati kuu ya chama tawala. Ngandu Nkashama alikwenda Algeria, na baadaye Marekani. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa na kila kampasi ikawa chuo kamili. Mei 1990 wanafunzi waliuawa kampasini Lubumbashi, na kufukuzwa kwa Wakasai kutoka Katanga mwaka 1992 na 1993 kuliondoa walimu wengi. Kisha vita. Kivu ikabaki na taasisi zake za ualimu, ISP, ambako idara ya Kifaransa imeunganishwa na lugha za Kiafrika na ya Kiingereza na utamaduni wa Kiafrika. Januari 2025 Goma ilitekwa, na mwezi Machi mapigano yakafika Walikale penyewe.

Mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ulioanza nchini mwaka wa masomo 2021-2022, unazilazimisha idara kuandika upya kozi zao, na hapo ndipo ninapotaka kusema wazi. Idara ya fasihi ya Goma au Bukavu inayomfundisha Camara Laye na Shakespeare bila kumfundisha Rureke inawanyima vijana wa Kisimba, wa Kibua na wa Pinga haki yao. Vifaa vipo. Matini ya Kinyanga imo katika kitabu cha mwaka 1969. Katika Hero and Chief cha mwaka 1978 Biebuyck alitoa tenzi nyingine za Mwindo zilizotambwa na watu wengine, hivyo mwanafunzi anaweza kulinganisha mtambaji na mtambaji. Mateene, aliyekuja kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, aliandika sarufi ya Kinyanga. Inayodaiwa sasa ni tafsiri ya Kiswahili, ifanywe na watu wanaozijua lugha zote mbili, na majina ya watambaji yaandikwe juu ya jalada. Jalada la mwaka 1969 halikuwa na jina la Rureke.