Kudhaa: Ukinunua nyumba ya waliokimbia, vilivyomo ni vya nani?

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wengi wa Kudhaa, Chula na Kismayo walikimbilia Kenya, baadhi yao wakahifadhiwa katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Wasichoweza kubeba kilibaki ndani ya nyumba: masanduku, vyombo, nyavu na hati.

Anayenunua nyumba kama hiyo ili aipangishe au aiuze tena hanunui vitu hivyo. Ibara ya 26 ya Katiba ya Muda ya Somalia ya mwaka 2012 iliweka haki ya kila mtu kumiliki mali. Katika sheria ya Kiislamu, mali iliyookotwa hutangazwa mwaka mmoja. Ya mwenyewe anayejulikana ni amana.

Kanuni za Pinheiro za Umoja wa Mataifa za mwaka 2005, ingawa si mkataba, zinatambua haki ya mkimbizi kurejeshewa nyumba na mali aliyonyang'anywa. Zinaonya pia kwamba pale watu walipofukuzwa kwa ukatili uliokithiri, huenda mnunuzi asiweze kudai kuwa hakujua.

Anayekuta vitu na aviorodheshe mbele ya mashahidi, avihifadhi, kisha awaarifu wazee wa mji na jamaa walioko Mombasa. Hati zisichomwe: karatasi kuukuu yaweza kuwa ushahidi pekee wa mwenye nyumba, na pengine kwamba aliyeiuza hakuwa na haki ya kuiuza.