Mayai Yasiyo na Ganda

Ndugu mkulima, umeingia bandani asubuhi ukakuta mayai yamepungua, na mengine ni laini, hayana ganda kabisa. Kuku wenyewe wanakula na wanachangamka. Jirani mmoja anasema ni chakula, mwingine anasema ni mdondo. Kabla hujamaliza fedha kwa dawa, sikiliza kisa hiki.

Mwaka 1976 wafugaji wa Uholanzi walikumbwa na jambo hilo hilo, na mtaalamu J. H. H. van Eck na wenzake wakaliandika. Virusi vilivyopatikana asili yake ni bata. Inadhaniwa viliingia kwa kuku kwa njia ya chanjo iliyokuzwa katika chembe za bata. Ubaya wake, kuku mama humpa kifaranga ndani ya yai, navyo hulala kimya mpaka mtetea aanze kutaga.

Sasa vitajulikanaje? Mwaka 1941 huko Marekani, George Hirst aliona kwamba virusi vya mafua ya watu hushikamanisha chembe nyekundu za damu ya kuku. Ujanja huo ukatumika kupima mdondo. Kumbe hivi vya bata navyo hushikamanisha damu! Basi damu ikishikamana huenda ni mdondo, huenda ni hivi, huenda ni vyote viwili katika banda moja. Kwa hiyo maabara hutia maji ya damu yenye kinga ya mdondo peke yake. Damu ikizidi kushikamana, yumo mgeni wa pili. Na yupo wa tatu asiyejionyesha hapo kwa urahisi: bronkaitisi ya kuku, iliyoelezwa Marekani mwaka 1931, ambayo nayo hupunguza mayai na kufanya ute uwe majimaji. Huyo anatakiwa kipimo chake. Siku hizi vipo pia vipimo vya vinasaba, vinavyoweza kutafuta virusi kadhaa kwa mara moja.

Lakini kuku aliyechanjwa mdondo atakutwa na kinga yake hata kama haumwi. Ndiyo maana bwana mifugo akija, damu itolewe kwa kuku kadhaa, kisha irudiwe baada ya wiki mbili au tatu, zilinganishwe. Mpe hesabu ya mayai ya kila siku na tarehe za chanjo. Na kama unafuga bata karibu na banda, mwambie, usimfiche.