Fundo la Waya na Wasimamizi wa Viwandani

Kufikia Agosti 1940 Ufaransa ilikuwa imekwisha kushindwa vitani, na Marekani, ingawa haikuwa imeingia vitani bado, ilijikuta na oda za silaha nyingi kuliko mafundi wa kuzitimiza. Serikali ikaunda idara ndogo ya mafunzo kazini, iliyojulikana kwa herufi TWI. Uongozi alikabidhiwa Channing Dooley, mtu wa kampuni ya mafuta, na msaidizi wake akawa Walter Dietz kutoka Western Electric.

Mtihani wa kwanza ulihusu lenzi. Karakana za silaha na za jeshi la majini zilikuwa zikitafuta wasaga lenzi 350, nao hawakupatikana, kwa sababu fundi wa kazi hiyo alikuwa akipikwa kwa miaka 5. Mike Kane wa TWI alikwenda kuitazama kazi yenyewe. Aliona kwamba fundi mmoja alikuwa akifanya shughuli 20, na kati ya hizo 14 hazikuhitaji ujuzi mkubwa. Zile 6 ngumu zikaachiwa wazoefu, zilizobaki wakapewa wageni, na ikatengenezwa njia ya kuwafundisha. Miaka ikawa miezi.

Njia hiyo ilikuwa na asili yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Charles Allen, mwalimu wa ufundi kutoka Massachusetts, aliwafunza mafundi wa viwanda vya meli namna ya kufundisha wenzao, na mwaka 1919 akayaandikia kitabu aliyojifunza. Kwa Allen, mwalimu humwandaa mwanafunzi, humwonyesha kazi, humwacha aijaribu, kisha humpima. Msimamo wake, ambao naona ndio moyo wa historia hii, ni kwamba mwanafunzi asipoiweza kazi, wa kuulizwa kwanza ni aliyemfundisha. Viwandani mambo yalikuwa kinyume. Mtu alipewa unyapara kwa kuwa fundi hodari, akakabidhiwa vijana wasiojua kitu, wala yeye mwenyewe hakuwahi kufundwa kufundisha. Kijana aliyeshindwa kufuata aliitwa mzito, akaondolewa.

TWI iliwakusanya wasimamizi hao katika vikundi vidogo, kwa vikao 5 vya saa mbilimbili. Mkufunzi alishika waya wa taa, akamwita mmoja wao mbele na kumweleza kwa maneno matupu jinsi ya kufunga fundo ambalo mafundi umeme hulitumia ili waya usichomoke ukivutwa: ncha hii ipite huku, ile izunguke kule. Mtu akahangaika na waya, fundo halikufungika. Akaitwa wa pili. Safari hii mkufunzi alilifunga fundo mbele yake bila kusema neno, na huyo naye akashindwa. Watu wazima hao, wenye miaka mingi kazini, walikuwa wametazama njia mbili ambazo wao wenyewe walizitumia kila siku kwa wageni wao.

Wa tatu aliwekwa kando ya mkufunzi, aone mikono kwa upande uleule atakaotumia. Aliulizwa kwanza anajua nini kuhusu kazi hiyo, akaelezwa faida yake, kisha akaonyeshwa hatua moja baada ya nyingine, kila hatua na jambo lake la kuzingatia. Akapewa waya, akafunga. Akatakiwa afunge tena huku akieleza anachofanya.

Baadaye ziliongezwa kozi za kuboresha njia za kazi na za uhusiano wa msimamizi na watu wake. TWI ilipofungwa Septemba 1945, ilikuwa imetoa vyeti zaidi ya 1,750,000 katika viwanda zaidi ya 16,500. Amani iliporudi, viwanda vingi vya Marekani viliyaacha mafunzo hayo, hasara ambayo ingeweza kuepukwa.

Japani haikuyaacha. Mwaka 1951, nchi hiyo ikiwa bado chini ya majeshi ya Marekani, Lowell Mellen wa Cleveland alikwenda huko na wakufunzi wachache, na Wizara ya Kazi ya Japani ikaiendeleza kazi yao. Toyota ilizichukua kozi hizo wakati huohuo. Ile ya njia za kazi iliiacha baada ya miaka michache, ikatafuta nyingine iliyoifaa zaidi. Ile ya kufundisha kazi ikabaki nayo, pamoja na karatasi yake ya kuorodhesha hatua na mambo ya kuzingatia.