Jinsi seli shina zinavyofichua chanzo cha maradhi ya moyo kwa watoto

MTOTO anayezaliwa Kakamega akiwa na midomo ya samawati, au anayehema na kutokwa na jasho kila anaponyonya, huwaachia wazazi wake maswali mawili. La kwanza ni jinsi ya kumwokoa. La pili, ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, ni kosa ni la nani. Wapo majirani watakaonong'ona kuhusu mwiko uliovunjwa, na wapo jamaa watakaomlaumu mama kwa alichokula au kazi aliyoifanya akiwa mjamzito.

Swali hilo la pili limeanza kupata majibu kwa njia ambayo zamani isingewezekana. Wanasayansi huchukua damu kidogo ya mgonjwa, huzirudisha seli zake katika hali ya uchanga, kisha huzikuza upya maabarani hadi zikawa misuli ya moyo inayodunda. Aidha, sehemu ya kipimo kinachotumiwa ulimwenguni kuyapima majibu hayo ilitoka jirani na Kakamega, katika mji wa Webuye.

Moyo huumbika mapema

Maradhi ya moyo ya kuzaliwa nayo ni kasoro katika umbo la moyo au la mishipa mikuu inayoshikamana nao. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila 100 wanaozaliwa duniani. Baadhi huwa na tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo. Wengine huwa na vali nyembamba mno, au mishipa mikuu iliyobadilishana nafasi. Mashimo madogo huweza kujiziba yenyewe, ilhali kasoro nyingine huua bila ya upasuaji.

Ugumu wa kuchunguza chanzo chake unatokana na wakati. Moyo huanza kudunda takriban siku 22 baada ya mimba kutungwa, na kufikia wiki ya nane vyumba vyake vinne huwa vimekwisha kuumbika. Wakati huo akina mama wengi hawajafika kliniki, na baadhi hawajatambua kwamba ni wajawazito. Kasoro inapogunduliwa, tukio lililoisababisha huwa limepita kitambo.

Baadhi ya visababishi vinajulikana. Takriban nusu ya watoto wenye ugonjwa wa Down, ambao wana kromosomu ya 21 ya ziada, huzaliwa na kasoro ya moyo. Virusi vya rubela vikimpata mama katika miezi ya kwanza ya ujauzito huweza kuuharibu moyo wa mtoto, na hali kadhalika kisukari kisichodhibitiwa. Hata hivyo, kwa takriban nusu ya wagonjwa sababu mahususi haipatikani.

Jeni zinazouunda moyo

Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila seli, na kila mtu hurithi nakala mbili za jeni nyingi, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mwaka wa 1997 jeni iitwayo TBX5 ilihusishwa na ugonjwa wa Holt-Oram, unaoathiri mikono na moyo kwa pamoja. NKX2-5 ilifuata mwaka wa 1998, GATA4 mwaka wa 2003 na NOTCH1 mwaka wa 2005. Katika jeni hizi, kuharibika kwa nakala moja tu kunaweza kutosha kuleta ugonjwa.

Mabadiliko ya jeni huweza kurithiwa kutoka kwa mzazi, au kutokea upya kwa mtoto bila ya mzazi yeyote kuwa nayo. Desturi ya Waluhya ya kutooana ndani ya ukoo mmoja hupunguza uwezekano wa mtoto kupata nakala mbili mbovu za jeni ileile. Hata hivyo, haiwezi kuzuia mabadiliko mapya, ambayo hayatokani na tabia ya mama wala ya baba.

Kujua jina la jeni pekee hakutoshi. Katika familia moja, watu wawili wenye badiliko lilelile wanaweza kutofautiana: mmoja akawa na tundu kubwa la moyo na mwingine asiugue. Panya wa maabara nao hawaufuati mwili wa binadamu kila mara. Kwa mfano, panya aliye na nakala moja mbovu ya NOTCH1 kwa kawaida hapati ugonjwa wa vali unaowapata watu.

Kuurudisha nyuma umri wa seli

Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi, na inaweza kuwa ya misuli, ya damu au ya neva. Kwa miaka mingi seli shina zenye uwezo mpana zilipatikana katika viinitete pekee, jambo lililozua mjadala mkali wa kimaadili. Mwaka wa 2006 Shinya Yamanaka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya ikitiwa jeni nne hurudi katika hali ya uchanga. Mwaka uliofuata walifanikiwa kwa seli za binadamu. Yamanaka alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Seli hizo huhifadhi jeni zote za mwenyewe. Zikilishwa kemikali zinazofaa kwa mpangilio maalumu, hupitia hatua zinazofanana na zile za tumboni na kuanza kudunda baada ya wiki chache. Fauka ya hayo, kwa kutumia CRISPR, zana ya kuhariri jeni iliyoelezwa mwaka wa 2012, watafiti wanaweza kusahihisha badiliko moja pekee katika seli za mgonjwa. Seli zilizosahihishwa zikipona kasoro yao, badiliko hilo ndilo mhusika.

Mwaka wa 2016 kundi la Deepak Srivastava wa Taasisi za Gladstone, San Francisco, lilichapisha utafiti kuhusu familia yenye badiliko katika GATA4. Seli za misuli ya moyo zilizotokana na wagonjwa hao zilijikunja kwa nguvu hafifu. Ilibainika kwamba GATA4 yenye kasoro ilishindwa kushirikiana ipasavyo na TBX5. Matokeo yake, jeni za moyo hazikuamshwa inavyotakikana, huku jeni za mishipa ya damu zikiachwa zikifanya kazi mahali pasipo pake.

Kundi hilohilo lilijaribu kemikali karibu 1,600 juu ya seli zenye kasoro ya NOTCH1. Mwaka wa 2021 lilieleza kwamba moja kati ya hizo ilizuia ugonjwa wa vali kwa panya. Hiyo bado si dawa ya binadamu.

Mchango wa Webuye

Ili kuamua kwamba badiliko fulani la jeni ni baya, sharti kwanza ijulikane iwapo watu wenye afya nao wanalo. Hapo ndipo Webuye inapoingia. Mji huo uko takriban kilomita 40 kaskazini mwa Kakamega, kando ya barabara ya kwenda Kitale. Waluhya waliojitolea huko walitoa damu kwa ajili ya mradi wa kimataifa wa HapMap, ambao matokeo ya awamu yake ya tatu yalichapishwa mwaka wa 2010. Baadaye, Mradi wa Jenomu 1,000 ulisoma jeni za watu 2,504 kutoka jamii 26, wakiwemo Waluhya 99 wa Webuye. Matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka wa 2015.

Umuhimu wa kipimo kama hicho ulidhihirika mwaka wa 2016, wakati jarida la New England Journal of Medicine lilipoeleza kisa cha Wamarekani weusi walioambiwa kimakosa kwamba wana mabadiliko yanayoleta ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Mabadiliko hayo yalikuwa ya kawaida miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika, lakini yalionekana mageni kwa sababu rejeo lilikuwa watu weupe.

Hata hivyo, watu 99 ni wachache, na jina Waluhya linakusanya jamii nyingi: Wabukusu na Watachoni wa upande wa Webuye, na Waisukha, Waidakho, Wawanga na Wakabras wa Kakamega. Tena, damu ile ilihifadhiwa bila majina wala historia ya afya ya wenyewe. Inaweza kuonyesha lililo la kawaida, lakini haiwezi kueleza kilichouharibu moyo wa mtoto fulani. Kwa kazi hiyo zinahitajika seli za watoto wagonjwa wenyewe, kwa idhini ya wazazi wao.

La kufanya sasa

Utafiti huu ni wa kutafuta chanzo. Hakuna sindano ya seli shina iliyoidhinishwa kuziba tundu la moyo, na mzazi anayeuziwa tiba ya namna hiyo anapaswa kutahadhari. Tiba zinazotegemewa ni dawa, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, na upasuaji. Kwa familia za Kakamega, upasuaji humaanisha safari ya kwenda Eldoret, Tenwek katika Kaunti ya Bomet, au Nairobi.

Mtoto mwenye midomo ya samawati, anayechoka akinyonya, asiyeongezeka uzani au anayeugua nimonia mara kwa mara, anafaa kupelekwa hospitalini apimwe oksijeni na moyo. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka wa 2016, hukinga kimojawapo cha visababishi. Mwanamke mwenye kisukari naye anashauriwa kudhibiti sukari kabla ya kushika mimba, kwani moyo wa mtoto huumbika kabla ya ziara ya kwanza ya kliniki.