Kabla ya Wakala: Simu na Mitandao ya Watu nchini Uganda

Neno mtandao limetokana na kitenzi kutanda. Wanafunzi wetu wakilisikia leo hufikiria intaneti. Hata hivyo, mitandao ya ukoo, ya msikiti na kanisa, na ya vikundi vya kuweka akiba ilikuwapo vijijini kabla ya simu. Swali letu ni hili: simu ilipofika, ilibadilisha nini katika mitandao hiyo?

Mwaka 2003, kampuni ya MTN Uganda kwa ushirikiano na Grameen Foundation ilianzisha mradi wa simu za vijijini. Mwanakijiji alikopa simu, akawauzia wenzake nafasi ya kupiga. Baadaye wananchi walibuni matumizi ambayo kampuni haikuyapanga. Aliyetaka kumtumia mama yake fedha kutoka Kampala alinunua kadi ya muda wa maongezi, akampigia mwenye simu kijijini na kumsomea namba za siri. Mwenye simu aliziingiza, salio likawa lake, kisha akampa mama fedha taslimu baada ya kukata ujira wake. Utaratibu huo ulijulikana kama sente, yaani fedha. Hapakuwa na risiti. Dhamana ilikuwa kufahamiana.

M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na MTN Uganda ikaanzisha huduma yake mwaka 2009. Wakala akachukua nafasi ya mwenye simu, na kumbukumbu za kampuni zikachukua nafasi ya kufahamiana. Faida zilikuwa dhahiri: ushahidi ulipatikana, na mwanachama wa kikundi aliyehamia mjini aliweza kutoa mchango wake bila kusafiri.

Lakini ufunguo nao ulihama. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, serikali iliamuru Facebook, Twitter, WhatsApp na huduma za kutuma fedha kwa simu zifungwe. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, badala yake ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye simu wa zamani angeweza kumdhulumu mtu mmoja, na kijiji kingemjua. Amri moja sasa ilitosha kunyamazisha vikundi vyote kwa pamoja.

Kwa hiyo tunaona kuwa simu haikuunda mitandao ya watu. Iliipanua, kisha ikaiweka mikononi mwa wasiofahamiana na wanachama. Tunapofundisha msamiati wa wakala, salio na mtandao, tusiishie kwenye maana ya kamusi. Tuwatume wanafunzi wakawaulize wazee jinsi fedha zilivyofika nyumbani kabla ya wakala. Kikundi kinachokumbuka kukutana ana kwa ana hakivunjiki siku intaneti inapozimwa.